Shingo Isiyofunikwa

Alhamisi, 2 Juni 1955

Nimeanika kahawa kwenye mikeka kabla jua halijapanda. Nimeigeuza kwa mguu, maana kuinama kunavuta shingo. Mwanangu Kemilembe ameamka, nimemwogesha, amekula ndizi na maharage, nusu amemwaga. Siku kama nyingine, ila shingo inawaka.

Nimerudi hapa Kaagya juma lililopita kutoka hospitali ya ng'ambo ya ziwa. Uvimbe uliokuwa juu ya mtulinga, upande wa kushoto, umepungua. Ulikuwa kama yai. Sasa ni kama harage kubwa. Namshukuru Mungu kila ninapoupapasa, na ninaupapasa mno.

Dawa yake ni mashine ya eksirei. Si ile ya kupiga picha. Hii ni kubwa, unalala chini yake, wote wanatoka nje na kukuacha peke yako, inanguruma, halafu unaambiwa amka. Huoni kitu. Huumwi. Maumivu yanakuja baadaye, kama mgeni aliyechelewa njiani.

Ngozi imekuwa nyeusi na kavu kama ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi. Inawasha. Leo nimekalia mikono yangu nisijikune.

Jumamosi, 4 Juni

Mume wangu Deo amekuja na baiskeli yake kutoka Maruku. Anafanya kazi huko kwenye vitalu vya miche ya kahawa. Analala huko, anarudi Jumamosi.

Ameniuliza tena maneno ya daktari, kana kwamba yamebadilika. Nimemwambia yale yale. Jumatatu tarehe 27 niwe hospitalini. Nitalazwa chini ya mashine mara ya pili, na hiyo ndiyo ya kumaliza mzizi. Lakini ngozi iwe nzima. Ikiwa imefunguka, daktari hatawasha mashine, na uvimbe hautangoja. Utakua tena. Nesi alinitafsiria mara mbili, na mara ya pili alinishika mkono.

Masharti: hakuna sabuni, hakuna jua, hakuna dawa ya duka, hakuna plasta. Nguo isisugue. Shingo ikae wazi.

Deo kasema, "Basi ni rahisi."

Mwanamume. Hajui shingo wazi maana yake nini katika ua wa baba yake.

Jumatatu, 6 Juni

Tata amekuja asubuhi kama kawaida yake. Huyu ni baba mkwe wangu, nyumba yake iko ng'ambo ya migomba, hatua chache tu. Kila siku anapita kutazama kahawa, anakaa kwenye kigoda chini ya paa, nampelekea uji. Nampigia magoti. Na mke wa mwana hampigii baba mkwe magoti shingo na mabega yakiwa nje. Hata mtoto wa kwetu anajua hilo. Hata mwili wangu hautajwi mbele yake. Anajua niliumwa, hajui wapi hasa.

Kwa hiyo nilijifunga shuka, ile nzito, mpaka kidevuni.

Ni muda mfupi, nilijiambia. Lakini Tata anapenda kuongea. Leo kaongea juu ya bei ya kahawa, juu ya padri mpya, juu ya ng'ombe wa jirani aliyemkanyagia maharage. Nami nimepiga magoti, nasema ndiyo Tata, ndiyo Tata, na jasho linatiririka chini ya shuka kwenye ile ngozi. Alipoondoka niliivua kwa haraka nikasimama penye upepo.

Jumatano, 8 Juni

Mama mkwe amekuja na samli. Mawe Agnesta, ndivyo tunavyomwita. Samli yake anaipika na majani yenye harufu nzuri, ndiyo anayowapaka wazazi wapya na watoto. Akataka kunipaka. Nikamwambia daktari amekataza mafuta.

"Daktari amewahi kuzaa?" akauliza.

"Hapana, Mawe."

"Basi."

Lakini hakunilazimisha. Kanuna kidogo, kisha kaitia samli yote kwenye maharage. Tumekula vizuri.

Usiku Kemi alitaka kulala kama zamani, mkono wake shingoni kwangu. Nimemgeuza upande wa kulia. Kalia. Nami nimelia.

Alhamisi, 9 Juni

Sikukuu ya Ekaristi. Sikwenda. Jua kali, na kanisani ningejifunika. Nimesikia nyimbo za maandamano kwa mbali. Tata kapita baada ya misa. Shuka tena.

Jumamosi, 11 Juni

Imefunguka.

Tata alikaa sana leo. Alipoondoka nikavua shuka, ikagoma. Ilikuwa imegandamana na ngozi. Nikaivuta polepole, ikaja na ngozi. Pana kidonda kama ukucha wa gumba, chekundu, kinatoa maji.

Nimekaa jikoni mpaka Deo alipofika. Nilimwonyesha bila kusema. Akauliza ni nini kimefanya. Nikasema shuka. Akasema kwa nini ujifunike. Nikasema ni baba yako.

Mwana atamwambiaje baba yake habari za shingo ya mkewe? Haiwezekani. Tumetazamana kama vipofu wawili penye daraja.

Jumapili, 12 Juni

Naogopa. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma. Naogopa kufa na kumwacha Kemi hajajua kusema jina langu.

Jumatatu, 13 Juni

Nimekwenda dispensari ya misioni. Kabla ya jua, pole pole, Deo akisukuma baiskeli nami nimeikalia nyuma. Ameomba ruhusa kazini.

Sista ni mzee, mkali, anasema Kiswahili cha vitabu.

"Sharti la daktari lilikuwa lipi?"

"Shingo ikae wazi, Sista."

"Na hicho ni nini?"

"Shuka. Ni heshima, Sista. Kwa baba mkwe."

"Heshima hiyo inakuchubua."

Ameosha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, yakaachwa yapoe. Kasema penye kidonda nisipake kitu chochote. Nikilala, ili kisiguse nguo wala kitanda, nitandike jani changa la mgomba, lile lililojikunja, ambalo vumbi halijaligusa. Nilipitishe juu ya moto lilainike, lipoe, ndipo niliweke. Jani jipya kila mara. Kasema hata mtu aliyeungua moto amelazwa hivyo na akapona, jani halinati kwenye kidonda.

Nikamwuliza kama kitafunga kabla ya siku ya kupanda meli. Kasema hajui. Nilitaka aseme ndiyo. Sista hasemi uongo, hata kidogo tu wa kumsaidia mtu alale.

Jumanne, 14 Juni

Siku mbaya. Tata alikuja. Sikutoka. Nilimsalimu nikiwa ndani, nyuma ya ukuta, nikasema uji uko kando ya kigoda.

Kisha nikamsikia akisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Siku hizi tunasalimiwa na ukuta." Hakunywa uji. Akaondoka.

Nimeaibika mpaka masikio yanauma. Ni mzee mwema. Nilipoolewa alinipokea kama bintiye, na nilipougua aliuza mbuzi bila kuambiwa. Sasa anadhani nimerudi kutoka ng'ambo na majivuno.

Mawe Agnesta alinikuta nalia. Nikamwonyesha kidonda. Alifunga kanga yake vizuri na kwenda kwake kwa miguu ya haraka, mwanamke mzima.

Jumatano, 15 Juni

Niandike yote ya leo, hata mkono ukichoka.

Asubuhi nimesikia panga migombani. Nikaogopa. Hakuna anayekata mgomba alfajiri bila sababu. Nikachungulia. Tata alikuwa anakata njia. Njia mpya, kutoka kwake kuzunguka nyuma ya nyumba yangu mpaka barabarani, isipite uani kwangu kabisa. Migomba miwili imelala chini. Mmoja ulikuwa na mkungu mchanga, bado vidole vidogo. Mhaya haangushi mgomba wenye mkungu mchanga. Ni kama kumpiga mtoto. Yeye kauangusha.

Halafu akasimama huko huko, hatuonani, akaita.

"Mwana wange, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Tata."

"Umepiga magoti?"

Nilikuwa nimepiga. Ndani ya nyumba, peke yangu, shingo wazi.

"Ndiyo, Tata."

"Simama. Huku sikuoni. Unaipigia magoti migomba."

Nimecheka mpaka shingo ikauma. Naye nikamsikia anakohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko.

Mawe amenieleza baadaye alichomwambia mumewe jana. Alimwambia, "Ukitaka mke wa mwanao azikwe amejifunika vizuri, endelea kwenda kunywa uji kwake." Kasema Tata aliuliza tu panga liko wapi.

Na mikeka ya kahawa ameihamishia kwake. Kasema atageuza mwenyewe. Mawe anasema anageuza vibaya.

Alhamisi, 16 Juni

Mlangoni asubuhi pana jani changa la mgomba, limejikunja, limeoshwa, limesimamishwa ukutani lisiguse ardhi. Hakuna mtu. Nyayo za Tata tu kwenye umande.

Nimelilainisha juu ya moto. Nimelala nalo. Ni baridi kama mkono wa mama.

Ijumaa, 17 Juni

Na mama yangu mwenyewe kafika. Deo alimpelekea habari Ngenge kwa dereva wa lori la kahawa. Kaja kwa miguu mpaka Muleba, akapata basi mpaka Bukoba mjini, kisha lifti. Kikapu kichwani, ndani yake shubiri nzima na udongo wake. Kwetu Ngenge ni chini, kukavu, shubiri inaota kati ya mawe na hakuna anayeijali. Hapa Kaagya sijaiona.

Nilitaka anipake hapo hapo. Kakataa. Kakata jani moja, kalisimamisha kwenye kikombe. Yakashuka maji ya manjano, machungu, yananuka. Kasema hayo ndiyo yanayochoma, mtu mwenye haraka hujipaka nayo akaungua mara ya pili. Akayamwaga. Akaosha jani, akamenya, kikabaki kile cha ndani kinachoteleza, cheupe kama maji. Akanipaka kidogo tu ndani ya kiwiko.

"Na shingoni?"

"Kesho. Kiwiko kikikataa, shingo imenusurika. Na kidonda sikigusi, Sista wenu kasema. Hii ni ya pale panapowasha tu."

Mama hana haraka na kitu chochote. Ndivyo alivyotulea.

Jumamosi, 18 Juni

Kiwiko kizima. Kanipaka kuzunguka kidonda, pale ngozi ilipo nyeusi na kavu. Sijui nisemeje. Kama mtu amefunga mlango penye kelele. Kuwashwa kumenyamaza. Siyo kabisa, lakini nimesahau kwa muda, nikamwimbia Kemi.

Deo kafika mapema kuliko siku zake. Mama hakuwa tayari. Mama mkwe na mkwe wa kiume kukutana uso kwa uso, haiwezekani, hata kama ndiye aliyemwita. Mama akakimbilia jikoni na kujifungia na moshi. Deo akasikia mtu anapiga chafya, akajua, akageuka na kutazama ukuta. Akasema kwa sauti, "Naenda kisimani kuoga." Alikuwa ameshaoga.

Mama katoka macho mekundu, anasema, "Mume wako ana adabu, ila achelewe."

Familia hii. Mmoja anakata migomba, mwingine anakaa moshini, wa tatu anaoga mara mbili. Wote kwa ajili ya shingo moja.

Jumatatu, 20 Juni

Nimelala usiku mzima. Mama amerudi Ngenge, kaniachia majani ya shubiri kwenye kivuli na kaniachia maneno: kata, simamisha, ngoja, osha. Nafanya hivyo.

Tata kapita njia yake mpya. Kaniambia kutoka huko kwamba kahawa inakauka vizuri. Mawe kapaza sauti kutoka kwake kwamba ni uongo.

Alhamisi, 23 Juni

Ngozi nyeusi inabanduka kama unga, na chini yake pana ngozi changa, ya rangi ya hudhurungi, laini. Kuwashwa kumekwisha. Lakini kidonda bado kina maji katikati. Kimekuwa kidogo, kama punje ya hindi. Kidogo si hakuna.

Nimekitazama kwenye kioo cha Deo asubuhi na mchana na jioni. Hakipendi kutazamwa. Nimejikataza kioo.

Sala imenishinda leo. Nilianza Salamu Maria, nikajikuta nahesabu siku za meli. Mungu amesikia vile vile, nadhani.

Jumamosi, 25 Juni

Kimefunga!

Asubuhi jani lilikuwa kavu. Nikaliinua, nikalitazama upande ule, hakuna alama, hakuna maji. Nikamwita Mawe. Kanigusa pembeni kwa kidole kimoja, kama anagusa kifaranga. Akakaa chini hapo hapo mlangoni akasema, "Waitu," kama anayetua mzigo.

Sijui ni jani, au shubiri, au ni kwa kuwa shuka iliondoka, au ni siku zenyewe. Nadhani ni yote. Kila mtu hapa anadhani ni kitu chake.

Mchana tumeondoka, mimi na Deo. Nimevaa gauni la kola pana, shingo nje, mwavuli juu kwa ajili ya jua. Kemi nimemwachia Mawe. Alinipungia mkono bila kulia, akarudia muwa wake. Afadhali. Angelia nisingeondoka.

Njiani kulikuwa na jambo la Tata. Hatuna njia nyingine ya kwenda barabarani, na yeye alitaka kuniaga. Basi alisimama ukingoni, ametupa mgongo, uso kwenye migomba, kofia mkononi. Watoto wa jirani wakamcheka. Hakugeuka. Nikapita nyuma yake shingo wazi.

"Nenda, mwana wange," kasema. "Urudi."

"Nitarudi, Tata."

Sikupiga magoti. Nadhani alisikia kwamba sikupiga.

Jumapili, 26 Juni

Melini. Watu wengi, mizigo ya kahawa, kuku. Nimekaa upande wa kivuli. Upepo wa ziwa unapita shingoni na hauumi.

Jumatatu, 27 Juni

Daktari amenitazama kwa taa. Kabonyeza uvimbe, kabonyeza ngozi, kaivuta huku na huku. Kachukua muda mrefu mno. Kisha akasema kitu kwa Kiingereza, na kabla nesi hajatafsiri nimeona uso wa nesi.

Ngozi inatosha. Wataanza kesho.

Nesi akauliza nilipaka nini. Nikamweleza. Daktari kasikiliza, kauliza juu ya yale maji ya manjano, kaandika. Kasema mashine ikimaliza nifanye vile vile tena, kwa utaratibu ule ule, na nguo mbali. Deo alikuwa nje kwenye benchi. Nilipotoka alinitazama, kisha akatoa leso akapenga kamasi kwa muda.

Jumanne, 28 Juni

Mashine leo. Inanguruma vile vile. Nilifumba macho.

Kitanda cha jirani amelazwa mama mmoja Mnyankole, kafika jana. Kihaya changu na lugha yake vinasikilizana, tukienda taratibu. Wamemchora mistari ya wino shingoni na kwenye taya, mahali pa kulenga. Ana watoto watatu nyumbani. Amejifunga kitambaa juu ya ile mistari, ameshikilia ncha zake kwa mikono miwili, hata alipokuwa anakula.

Jioni akaniuliza kama inauma.

Nikamwambia ukweli. Siku yenyewe huoni kitu. Baadaye inawaka, inawasha, unaweza hata kulia. Kisha inapona.

Akasema watu husema hivyo ili kumtuliza mgonjwa.

Sikubishana naye. Nilisogea kwenye ukingo wa kitanda, upande wa taa, nikafungua kola. Akanyanyuka akatazama. Akatazama kwa muda wake. Kisha akauliza kama anaweza kugusa, nikasema pembeni tu, na akanawa mikono kwanza.